Barakoa na mwanya wa pembeni

Leo tunazungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo mno kustahili safu nzima: namna barakoa inavyopaswa kukaa usoni. Miaka ile ya korona sote tulizivaa, tukazizoea, tukazichoka, kisha tukaachana nazo bila kuwahi kuambiwa na yeyote kwamba tulikuwa tukizivaa vibaya. Sisi tuliambiwa, lakini kwa kuchelewa, na tuliambiwa ndani ya nyumba yetu wenyewe, mgonjwa akiwa kitandani.

Ami yetu, mdogo wake marehemu baba, alianza kukohoa mwanzoni mwa Rajab. Alikuwa akiishi nasi Tanga, katika chumba cha uani, yeye na mkewe. Kikohozi kikapita wiki mbili, kikapita mwezi. Akapungua mpaka kanzu zikawa zinamning'inia. Alikunywa tangawizi, asali na habasoda, na kila alipobembelezwa kwenda hospitali alijibu kuwa ni vumbi tu, litatulia mvua zikinyesha. Mwishoni mwa Shaaban akatema makohozi yenye damu, na hapo hakuna aliyembembeleza tena, alichukuliwa akapelekwa. Makohozi yakapimwa, ikaonekana ni kifua kikuu, akaanzishiwa dawa za miezi sita. Tulielezwa kwa kirefu habari za dawa, tukapewa na boksi la barakoa za bluu, tukarudi nyumbani. Namna ya kuzivaa hatukuelezwa, nasi hatukuuliza. Ni nani anayeuliza namna ya kuvaa barakoa?

Nyumba ilikuwa na watu wanane, akiwamo mke wa ndugu yetu na binti yake wa miaka mitatu, ambaye hakuwa na raha nyingine duniani ila kukaa mapajani mwa babu yake.

Jambo la kwanza lililotutatiza halikuwa barakoa bali haya. Katika malezi yetu, kumtembelea mgonjwa ni haki yake, na kumkaribia ni sehemu ya haki hiyo. Kuingia chumbani kwa mzee uliyelelewa naye huku umejifunika pua na mdomo ni sawa na kumwambia kwamba ananuka. Mama mdogo, mkewe Ami, alikataa katakata. Alisema hawezi kumlisha mume aliyeishi naye miaka arobaini akiwa amejifunga uso kama mtu anayepita jalalani. Sisi wengine tulivaa nusu nusu: tukiingia tunaipandisha, Ami akianza mazungumzo tunaishusha kidevuni ili atusikie vizuri, tukitoka tunaipandisha tena, yaani pale ambapo haina kazi tena. Mwenyewe ndiye aliyetukata haya. Siku moja alimtazama kaka yetu akihangaika na barakoa yake, akasema, "Wanangu, vaeni tu. Mimi nitajua mnanipenda kwa kuja kwenu, si kwa kuziona pua zenu."

Basi tukavaa. Tukadhani tumemaliza.

Katikati ya Ramadhani alifika muuguzi kutoka zahanati kuangalia maendeleo ya dozi na kuwaorodhesha watu wa nyumba kwa ajili ya vipimo. Alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Alisimama kizingitini pa chumba cha Ami akatutazama mmoja mmoja, kisha badala ya kuuliza habari za vidonge akaomba kioo.

Kioo kilipoletwa alituambia tulowanishe migongo ya mikono kidogo, tuisogeze karibu na mashavu na kando ya pua, kisha tupumue kwa nguvu. Tukapumua. Sote tulihisi upepo baridi ukipiga mikononi. Wengine kandokando ya masikio, wengine chini ya macho. Kaka yetu, ambaye huvaa miwani, alikuwa haoni kitu, maana vioo vilikuwa vimejaa ukungu. Tulikuwa tumeuona ukungu huo kwa wiki tatu tukaucheka tu.

"Huo ukungu ni pumzi yako, kaka," akasema. "Imekosa kupita kwenye barakoa ikatokea juu. Na inapotokea ndipo inapoingilia."

Kisha akamgeukia mama mdogo. "Mama, usiku mnalalia chandarua?"

"Tunalalia."

"Mkishakishusha mnakifanyaje?"

"Tunachomeka chini ya godoro."

"Na mkikiacha kinaning'inia?"

Mama mdogo akanyamaza kidogo, akasema, "Mbu wataingia kwa chini, mwanangu."

"Hata kama chandarua ni kipya?"

"Hata kama ni kipya."

Muuguzi hakuongeza neno. Alichukua barakoa mpya akaanza kutufundisha.

Tangu siku ile tumejitahidi kusoma na kuuliza zaidi, na tunaona ni vema tuwashirikishe wasomaji, kwa kuwa nyumba zenye wagonjwa wa kifua ni nyingi kuliko tunavyosema hadharani. Tanzania na Kenya zote mbili zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya miaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu.

Barakoa ya bluu ya hospitali si kipande cha kitambaa tu kama inavyoonekana. Ina tabaka tatu, na lile la kati, ambalo halionekani, ndilo lenye kazi. Limetengenezwa kwa nyuzi nyembamba mno za plastiki zilizotiwa chaji ya umeme tuli, ule umeme unaofanya nywele zivutwe na kitana. Chembe inayopita karibu na uzi hunaswa hata kama tundu ni kubwa kuliko chembe yenyewe. Ndiyo maana barakoa hizi hazifuliwi kwa sabuni wala kupulizwa spiriti: zitatoka zinang'aa, lakini ile nguvu ya kunasa itakuwa imeondoka.

Lakini kitambaa kikiwa bora namna gani, hewa haina adabu ya kupita pale tulipoiwekea mlango. Hupita penye wepesi. Kupenya tabaka tatu ni kazi. Kupita kwenye mwanya kando ya shavu si kazi. Mwanya usiotosha hata kupitisha kidole hupitisha sehemu kubwa ya pumzi, na pumzi hiyo haichujwi hata kidogo. Kwa hiyo sifa iliyoandikwa kwenye boksi ni sifa ya kitambaa. Sifa ya barakoa iliyo usoni mwako unaifanya mwenyewe kwa vidole vyako.

Hapa kuna jambo la pili ambalo hatukulijua. Barakoa ya bluu haikuundwa kimsingi kumlinda anayeivaa dhidi ya vijidudu vinavyoelea hewani. Kazi yake kubwa ni kuzuia yanayotoka kinywani na puani mwa mvaaji yasiwafikie wengine. Katika kifua kikuu, basi, mwenye haki ya kwanza ya barakoa ya bluu ni mgonjwa mwenyewe, ilhali sisi tulimwacha Ami wazi tukajivisha wenyewe. Anayemhudumia huhitaji aina nyingine, ngumu kidogo, yenye umbo la kikombe au la mdomo wa bata, inayofungwa kwa mipira miwili nyuma ya kichwa. Hiyo ndiyo N95, na ya Ulaya huitwa FFP2. Namba 95 maana yake ni kwamba kitambaa chake hunasa angalau asilimia 95 ya chembe za majaribio, ambazo ni ndogo mno. Tofauti yake kubwa na ya bluu ni kwamba imeundwa ishikamane na ngozi kuzunguka pande zote. Ikikosa kushikamana, imekosa sababu ya kununuliwa.

Kwamba barakoa ya mgonjwa ina manufaa si jambo la kukisia. Afrika Kusini watafiti waliwahi kutoa hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu na kuipeleka kwa simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara, 90 katika chumba kimoja na 90 katika chumba kingine. Siku moja wagonjwa walivaa barakoa za hospitali na hewa ya siku hiyo ikaenda chumba cha kwanza. Siku ya pili hawakuvaa na hewa ikaenda chumba cha pili. Wakaendelea hivyo kwa zamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Simbilisi waliovuta hewa ya siku zisizo na barakoa waliambukizwa 69. Wale wa siku za barakoa waliambukizwa 36. Tunaomba msomaji azitazame namba zote mbili. Barakoa ilipunguza maambukizo kwa karibu nusu, na hilo ni jambo kubwa. Lakini 36 hao nao waliambukizwa na watu waliovaa barakoa.

Turudi kwenye kioo. Muuguzi alianza kwa kutuonya juu ya upande: rangi ya bluu nje, nyeupe ndani, siku zote. Ule uvumi kwamba mzima hugeuza nyeupe nje hauna asili yoyote. Kisha waya wa pua. Sisi tulikuwa tukiubana kwa vidole viwili vya mkono mmoja, kama mtu anayebana pua yake kwa harufu. Ukifanya hivyo unapata pembe kali katikati, na kila upande wa pembe hiyo unabaki mwanya. Waya unapaswa kulazwa kwa ncha za vidole vya mikono yote miwili, kuanzia juu ya mfupa wa pua kwenda nje mpaka kwenye mashavu, ukifuata umbo la uso wako na si umbo unalolitaka. Sehemu ya chini ivutwe mpaka chini ya kidevu.

Ikibaki mianya ya pembeni, na kwa wenye nyuso nyembamba hubaki karibu kila mara, ipo hila nyepesi. Kunja barakoa katikati kwa urefu wake, mikunjo ikutane. Kila uzi wa sikio ufunge fundo moja karibu kabisa na ukingo wa barakoa. Ifungue, ivae, kisha ile sehemu ya pembeni iliyojikunja ichomeke ndani ielekee shavuni. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilitangaza majaribio ya hila hiyo mwezi Februari 2021: barakoa iliyofungwa fundo na kuchomekwa ilizuia asilimia 77 ya chembe za kikohozi cha kutengenezwa maabara, nyingi kuliko ilizozuia barakoa ya aina hiyo hiyo iliyovaliwa hivi hivi. Fundo mbili za uzi, bila senti moja ya ziada. Kinachoharibu ni kile tulichokuwa tukikifanya sisi, kuupindisha uzi wa sikio uwe kama namba nane ili ukaze. Uzi hukaza kweli, lakini pembeni barakoa hufunguka kama mdomo wa kikapu.

N95 ina desturi yake. Mpira wa juu hukaa juu ya utosi upande wa nyuma, wa chini hukaa shingoni chini ya masikio, na haikutani. Ukishaivaa uifunike kwa viganja viwili bila kuiminya, utoe pumzi kwa nguvu. Ukihisi upepo machoni, rekebisha waya. Ukiuhisi mashavuni, rekebisha mipira. Kisha uvute pumzi, barakoa inywee kidogo kuelekea usoni. Kila ukiivaa ufanye hivyo, hata kama ni mara ya hamsini. Hospitali zenye uwezo humpima kila mhudumu kwa kumfunika kofia kubwa na kupulizia humo dawa chungu isiyo na madhara. Akiuonja uchungu, barakoa inavuja na hutafutiwa ya umbo jingine. Maana nyuso si sawa, na barakoa inayomfaa kaka huenda isimfae dada wa tumbo moja.

Kwa dada zetu kuna jambo ambalo maelekezo ya kawaida hayalitaji. Kwa kuwa masikio yamo ndani ya mtandio, wengi huvaa barakoa juu ya nguo na kuishika kwa ndoano au kifungo kisogoni. Ukingo wa barakoa basi unalalia kitambaa, na kati ya kitambaa na shavu pana mikunjo, na katika kila mikunjo pana njia. Muuguzi yule, naye akiwa amejisitiri vizuri, alituonyesha alivyofanya: barakoa kwanza, igusane na ngozi pande zote, mipira ipite juu ya kofia ya ndani ya nywele, kisha mtandio uje juu yake. Inachukua dakika moja zaidi, na inalazimu uvae mbali na macho ya watu kabla ya kuingia kwa mgonjwa. Nikabu, pamoja na stara yake, si mbadala hapa, kwani iko wazi kwa chini. Inachekesha kidogo kwamba neno lenyewe, barakoa, bibi zetu wa pwani walilijua kama pambo na stara ya uso iliyokuja na watu wa Omani na Ghuba, zamani kabla halijawa neno la duka la dawa.

Na ndevu. Kaka yetu ana ndevu zilizojaa, na ndiye aliyekuwa na nguvu ya kumwinua Ami usiku. Muuguzi alimwambia wazi, kwa adabu, kwamba N95 haiwezi kuziba juu ya ndevu. Hewa hupita kati ya nywele kama maji kati ya mawe. Chumba kikawa kimya. Kaka aliuliza, "Una maana ninyoe?" Yule binti akajibu kwamba hakuja kumwambia mtu anyoe, amekuja kumwambia hewa inapopita. Jawabu lilipatikana kwa kupanga upya kazi. Kumlisha na kumgeuza ndani ya chumba tukachukua sisi tusio na ndevu ndefu. Kaka akapewa kazi za nje: kila asubuhi na alasiri alimtoa Ami akamketisha chini ya mwembe, wakakaa naye kwa saa nzima upepo ukipita, Ami na barakoa yake ya bluu, kaka na ndevu zake. Baadaye tulisoma kwamba madaktari wa Kisingasinga nchini Uingereza walikabili swali hili hili wakati wa korona, wakabuni kuzifunga ndevu kwa kitambaa cha mpira kinachovutika na kuvaa barakoa juu yake, na baadhi ya hospitali hutumia kofia zenye feni ya kusukuma hewa safi, ambazo hazihitaji kushikamana na uso kabisa. Kwa nyumba ya uani, mwembe unatosha.

Wapo watakaouliza habari ya swala. Imepokewa karaha ya kufunika mdomo ndani ya swala, na wanachuoni wameeleza kwamba karaha huondoka panapokuwa na haja. Lililotusumbua zaidi sisi lilikuwa udhu. Mtu hutawadha, hurudisha barakoa juu ya uso uliolowa, na baada ya muda mfupi imeshiba maji, inateleza, wala haipitishi pumzi vizuri. Uso ukaushwe kwanza, na barakoa wakati wa kutawadha iwekwe ndani ya bahasha ya karatasi yenye jina la mwenyewe, isining'inizwe mkononi wala kuwekwa mfukoni pamoja na funguo. Mfuko wa plastiki haufai, hufuga unyevu. N95 moja ikitunzwa hivyo huweza kutumiwa na mtu yuleyule zaidi ya siku moja, maadamu ni kavu, haikuchanika na bado inashika. Siku mpira unapolegea ndiyo mwisho wake, hata kama kitambaa kingali cheupe.

Watoto tutawapitia kwa haraka. Barakoa ya mtu mzima kwenye uso wa mtoto ni mianya mitupu, na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF hawakuwataka walio na miaka mitano kushuka chini walazimishwe kuvaa. Mtoto mdogo hulindwa kwa kuwekwa mbali na chumba na kwa dawa kinga anazoandikiwa hospitali.

Hilo la mbali na chumba lilikuwa gumu kuliko yote. Binti wa ndugu yetu alikuja mlangoni kila asubuhi, akaketi sakafuni na kumwita babu yake kwa sauti, na Ami akamjibu kutoka dirishani. Mama yake akisikia hivyo alikuwa akiingia jikoni.

Muuguzi alitueleza jambo jingine siku ile, na hatuoni vema tulifiche, ijapokuwa linapunguza uzito wa yote tuliyoandika juu ya vidole na waya. Mgonjwa wa kifua kikuu akishaanza dawa sahihi na akazinywa bila kukosa, uwezo wake wa kuambukiza huanza kushuka ndani ya wiki chache. Wakati wa hatari kubwa zaidi katika nyumba yetu haukuwa Ramadhani tulipokuwa tukijifunga barakoa vibaya. Ulikuwa Rajab na Shaaban, tulipokuwa tukisaga tangawizi. Hata hivyo, alisema, tusiache mpaka makohozi ya mwezi wa pili yapimwe na kuonekana safi, na dirisha la Ami, ambalo mama mdogo alilifunga kwa pazia zito asipigwe na baridi, lifunguliwe mchana na usiku. Vyombo tulivyokuwa tumemtengea, sahani yake, kikombe chake, hata kijiko, tuvirudishe kabatini pamoja na vya wengine, kwa kuwa kifua kikuu hakipiti kwenye kikombe. Tuliona aibu. Tulikuwa tumekilinda kikombe tukaiacha hewa.

Kisa cha Gérald Mesny tulikisoma miezi hiyo. Mwishoni mwa 1910 tauni ya mapafu ilizuka Harbin, kaskazini mashariki ya China, na daktari aliyetumwa kuikabili alikuwa Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesoma Cambridge, mwenye umri wa miaka 31. Alishikilia kwamba ugonjwa unapita katika pumzi kutoka mtu hadi mtu, akawataka wahudumu wavae barakoa za pamba na shashi zenye mikia mirefu ya kuzungushwa na kukazwa nyuma ya kichwa zisisogee. Mesny, daktari Mfaransa aliyemzidi umri, alimdharau kijana huyo akaingia kwa wagonjwa uso wazi. Baada ya siku chache alikufa kwa tauni hiyo. Watu wapatao 60,000 walipotea kabla haijazimwa. Tulipomsimulia mama mdogo kisa hiki aliuliza swali moja tu: je, huyo Mfaransa alikuwa na mke?

Majibu ya vipimo vya nyumba yalikuja siku chache kabla ya Idi. Watoto hawakuwa na ugonjwa. Binti wa ndugu yetu akaanzishiwa dawa kinga, ambazo alizinywa kwa kelele nyingi. Kaka yetu hakuwa nao, wala sisi. Mama mdogo alikuwa nao. Ulikuwa bado mchanga, hajaanza hata kukohoa vya kutosha kututia shaka. Alisema kifua kilikuwa kikimbana kidogo, akadhani ni swaumu. Kama aliupata Rajab, usiku akilala kitanda kimoja na mumewe madirisha yamefungwa, au aliupata katika wiki zile tatu alipokataa kujifunika uso mbele yake, hakuna awezaye kutuambia. Muuguzi alipoulizwa alitikisa kichwa tu.

Mama mdogo alipopewa boksi lake la barakoa za bluu aliketi mbele ya kioo kile kile, akakunja barakoa katikati, akafunga fundo mbili, akalaza waya kwa mikono miwili kama alivyoonyeshwa. Ami alikuwa amekaa barazani akimtazama. "Sasa umekuwa bibi harusi," akamwambia, na mama mdogo akacheka ndani ya barakoa mpaka ikambidi airekebishe tena.

Walikuwa wakinywa vidonge vyao pamoja baada ya Alfajiri, kila mmoja akihesabu vya mwenzake. Ami alimaliza dozi mwezi wa Safar. Mama mdogo alimaliza mwezi uliofuata, siku chache baada ya Maulidi, na siku hiyo binti wa ndugu yetu alilala kitandani kwao kuanzia adhuhuri mpaka magharibi. Kioo kimerudi bafuni. Bahasha za karatasi zenye majina yetu bado zipo kwenye droo, na N95 mbili mpya ambazo hazijafunguliwa.